Chombo Kilichomzidi Umri Mjenzi Wake

Kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, chini ya mwembe uliogeuzwa gereji kwa kutundikwa minyororo na puli katika tawi lake nene kuliko yote, nilisimama msimu wa kulima ulipokuwa umekaribia, nikamtazama fundi mmoja mwenye mvi kama zangu akilifumua trekta jekundu, Massey Ferguson 240, lililokuwa limegoma kuinua plau. Alitandaza turubai chini, akapanga juu yake boliti kwa utaratibu wa mtu ajuaye kila moja itarudi wapi, kisha akafungua kasha la spea aliloletewa asubuhi ile na kijana wa pikipiki; na juu ya kasha hilo lilikuwa limeandikwa jina la mji wa Lahore. Nilimwuliza trekta lenyewe limetoka wapi. "Hili la Mpakistani, mzee mwenzangu," akajibu bila kuinua kichwa, "ila la Mwingereza lilikuwa hivihivi. Spea zinaingiliana."

Alisema kweli. Namba 240 ni mtoto wa namba 135, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1964. Namba 135 ni mtoto wa namba 35. Na namba 35 ni mtoto wa lile trekta dogo la rangi ya kijivu lililoanza kuundwa mwaka 1946 katika mji wa Coventry, Uingereza, katika kiwanda cha barabara iitwayo Banner Lane. Kiwanda hicho, ambacho katika uhai wake kilitoa matrekta zaidi ya milioni 3, hakipo tena, na mahali pake pamejengwa nyumba za watu. Ni jambo gani basi lililofanya wajukuu waendelee kuzaliwa Lahore na Chennai ilhali nyumba alimozaliwa babu yao imebomolewa? Magazeti ya Kiingereza yamelijibu swali hili mara nyingi, na aghalabu jibu lao ni wafanyakazi na migomo yao; wengine huilaumu serikali, wengine humlaumu Mjapani. Mimi, niliyeshika spana kabla ya kushika kalamu, nina rai nyingine, nayo ni kwamba viwanda vya magari vya Uingereza viliuawa na neema. Vilijaliwa, kwa muda mrefu kupita kiasi, mnunuzi asiyekuwa na pengine pa kwenda. Na tajiri mwenye mnunuzi wa namna hiyo huacha kidogo kidogo kumsikiliza, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu hapati hasara yoyote kwa kutomsikiliza, mpaka siku mnunuzi aonapo mlango wa pili umefunguliwa.

Ili mtu aelewe akili iliyomo katika lile trekta la kijivu, sharti akumbuke namna matrekta yaliyolitangulia yalivyokuwa yakilima. Yalilivuta plau kama maksai wanavyolivuta, kwa mnyororo au kwa ndoano, trekta likiwa mbali na plau mbali. Na plau liliponasa katika kisiki au mwamba, magurudumu ya nyuma yaliendelea kung'ang'ania kuzunguka ilhali mzigo hausogei, trekta likainuka pua kama farasi aliyeshtuka, na mara nyingine likapinduka kinyumenyume likamlalia dereva wake. Dawa ya zama zile ilikuwa kuongeza uzito wa chuma, na uzito huo ukaishindilia ardhi ile ile ambayo plau lilikuwa limekuja kuilegeza. Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa wilaya ya Down kaskazini mwa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884 na ambaye kabla ya kushughulika na matrekta alijiundia ndege akairusha mwaka 1909, alilitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Alilifunga plau kwa trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, hata vyombo viwili vikawa kimoja. Kisha akaufanya ule mkono wa juu uwe na hisia. Ardhi inapokuwa ngumu, plau huusukuma mkono wa juu kwenda mbele, mkono hubana springi, springi husogeza vali, na haidroliki huliinua plau kidogo, pasipo dereva kugusa kitu. Na katika kuliinua, sehemu ya uzito wa plau na wa udongo uliolielemea huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, yakapata kushika ardhi. Hivyo trekta la tani moja na kidogo likaweza kazi ya trekta lililolizidi mno kwa uzito, na liliponasa kisiki, mkono ule ule wa juu uliizuia pua yake isiinuke.

Nimewahi kuishika spana iliyokuja na matrekta hayo. Ilifaa nati nyingi za trekta na za plau lake, na ubavuni mwake zilichongwa alama za inchi, ili mkulima aitumie pia kupimia mtaro wa plau. Aliyeichora alikuwa amemfikiria mtu aliye peke yake shambani, mbali na duka, mwenye mikono miwili na mfuko mmoja. Niombe msomaji aikumbuke spana hiyo, maana tutakutana na vyombo vingi vya Kiingereza ambavyo wachoraji wake hawakumfikiria mtu yeyote.

Mwaka 1938 Ferguson alilipeleka trekta lake Marekani kwa Henry Ford, wakapatana kwa kupeana mkono tu, pasipo karatasi. Mapatano hayo yakavunjwa baada ya vita na mjukuu wa Ford, Ferguson akashitaki, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Lakini huko Uingereza alikuwa amekwisha kupata mlezi mwingine. Kampuni ya Standard ya Coventry, chini ya Sir John Black, ilikuwa na kiwanda kikubwa cha Banner Lane kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za vita, na vita vilipokwisha kiwanda kikawa kinatafuta kazi. Tangu 1946 mpaka 1956 yakatoka humo matrekta ya kijivu zaidi ya laki 5. Injini ya Standard iliyotiwa katika matrekta hayo ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya gari la abiria la Vanguard, na ya ukoo huo huo ikapelekwa katika gari dogo la mbio la Triumph TR2, hata vijana wa mjini waliovaa miwani ya upepo hawakujua kwamba walikuwa wakitamba kwa moyo wa trekta. Sir Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958 kwa matrekta ya Ferguson yaliyofungwa minyororo katika magurudumu. Sikumbuki gari jingine la shambani lililotumwa mbali namna ile na mwenye akili timamu.

Sasa na tuyatazame magari, maana ugonjwa ulianzia huko. Mwaka 1950 Uingereza iliuza magari katika nchi za nje kuliko taifa lolote duniani, Marekani ikiwemo. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa ndiyo kwanza vinainuka katika magofu. Japani haikuwa na gari la kutajika sokoni. Magari ya Marekani yalilipiwa kwa dola, na dola zilikuwa adimu katika milki yote ya Mwingereza. Serikali ya London, iliyoelemewa na deni la vita, iliwagawia wenye viwanda chuma kwa kadiri ya magari waliyoyapeleka ng'ambo, na ikawahimiza kwa wito mfupi wa kutisha, kwamba ama wauze nje ama wafe. Wakauza. Lakini mtu atafakari jinsi hesabu ile ilivyomfundisha mwenye kiwanda: hakuulizwa kama gari linamfaa yule anayelinunua, aliulizwa kama limekwisha kupakiwa melini. Mlowezi wa Nakuru, tajiri wa mkonge wa Tanga, daktari wa misheni na karani wa boma, wote walinunua Austin na Morris na Hillman, wakapakia mizigo yao katika malori ya Bedford, wakashukuru kwamba zamu yao imefika.

Na magari yenyewe yalikuwa yamezaliwa kwa ajili ya nchi nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1920 mpaka mwaka 1947 kodi ya magari ya Uingereza ilihesabiwa kwa upana wa silinda na idadi yake, wala urefu wa mwendo wa pistoni haukuingizwa katika hesabu. Wahandisi, kama ilivyo ada ya binadamu mbele ya mtoza ushuru, wakachonga silinda nyembamba na ndefu. Injini ya namna hiyo ni nzuri katika vichochoro vya Uingereza, maana huvuta kwa upole na haitaki kubadilisha gia mara kwa mara. Lakini itieni katika barabara ndefu iliyonyooka, kutoka Nairobi kushuka Mombasa kwa mfano, dereva akaze mguu kwa muda wa saa nzima, na pistoni, ambayo kwa kila mzunguko lazima isafiri safari ndefu kwenda na kurudi, itapata moto, beringi zitalia, na rejeta itatoa mvuke mbele ya abiria waliovaa nguo za harusi. Kodi ilifutwa, lakini injini haifutwi kwa sheria; mitambo iliyozichonga iliendelea kuwapo, na mwenye kuiuza injini ile ile kwa mnunuzi aliye katika foleni ataona haja gani ya kununua mitambo mipya?

Kuna jambo moja ambalo kila nilikumbukapo hucheka peke yangu. Vita vilipokwisha, kiwanda cha Volkswagen kilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza, na ofisa wa Kiingereza, Meja Ivan Hirst, ndiye aliyekifufua. Wenye viwanda wa Uingereza walipata nafasi ya kulikagua lile gari la mgongo wa kobe, wakaliona halina mvuto wala thamani ya biashara, wakamwachia Mjerumani. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakaanzishwa katika Afrika Mashariki mashindano ya magari yaliyoitwa Coronation Safari, ambayo ndiyo Safari Rally ya leo; na mwaka 1954, kisha 1957, kisha 1962, mshindi akawa ni gari lile lile lililokataliwa, lililopitia katika matope na vumbi vya himaya ya Malkia. Mwaka 1956 Ujerumani ilikwisha kuipita Uingereza kwa magari yauzwayo nje.

Wala si magari tu. Watu wa Kongwa, Urambo na Nachingwea hawahitaji kusimuliwa na mimi habari za mradi wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 kwa azma ya kulima ekari zaidi ya milioni 3, ikauacha mwanzoni mwa 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36. Matrekta mapya ya kutosha hayakupatikana, basi yakanunuliwa masalio ya vita, mengi yao kutoka Ufilipino, yakiwa yamechoka kabla ya kushuka melini. Na kampuni ya Vickers ikavivua minara vifaru vya Sherman, ikavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na mchanga wake hula chuma kama msasa, ulivimaliza vyombo hivyo. Tazama tofauti iliyopo: katika miaka ile ile na katika nchi ile ile ya Uingereza, mtu mmoja alikuwa akiunda trekta lenye kuusikia udongo, na wengine walikuwa wakiushambulia udongo kwa kifaru.

Haistahili hata hivyo kuwafanya Waingereza wote wajinga, maana kama wangalikuwa hivyo kisa chao kisingetufundisha lolote. Mwaka 1959 kampuni iliyounganika ya Massey Ferguson, ambayo asili yake ya upande wa Massey ni Kanada, ilikinunua kiwanda cha Banner Lane kutoka kwa Standard, na mwaka huo huo ikainunua kampuni ya Perkins ya mji wa Peterborough, yenye injini za dizeli za silinda tatu ambazo mafundi wetu wanazijua kwa mlio wake hata usiku. Massey Ferguson ilijua ilichokinunua. Standard haikujua ilichokiuza: ilikuwa imelifanya trekta kuwa kazi ya kando na gari la abiria kuwa kazi ya heshima, na ilipobaki na magari peke yake haikupita miaka miwili kabla haijamezwa na kampuni ya malori ya Leyland.

Kumezana huku ndiko kulikokuwa tadbiri ya zama hizo. Austin na Morris zilikuwa zimeunganishwa mwaka 1952 zikaitwa BMC, muungano wa majina zaidi kuliko wa kazi, kwani kwa miaka mingi mawakala wa Austin na mawakala wa Morris waliendelea kushindana mtaa mmoja wakiuza gari lile lile lenye nembo mbili. Mwaka 1959 BMC ilitoa Mini, kazi ya Alec Issigonis, gari ambalo injini yake imekingamishwa kwa upana na giaboksi ikawekwa chini yake zikinywea oili moja, hata urefu karibu wote wa gari ukaachiwa watu na mizigo yao. Sidhani kuna mhandisi aliyelitazama gari lile asimwonee Issigonis wivu, na magari madogo ya dunia nzima yamefuata mkao wake wa injini mpaka leo. Lakini watu wa Ford walinunua Mini moja, wakaifungua kipande kwa kipande juu ya meza, wakajumlisha gharama, wakakata shauri kwamba kila inayouzwa inamtia mwenyewe hasara ya pauni 30 hivi. Kama hesabu yao ilikuwa sahihi hata kwa nusu, basi hapo ndipo penye msiba: akili ya kuunda ilikuwapo, akili ya kuhesabu ilikuwa imelala, kwa kuwa tangu zamani soko lilikuwa likiwalipia kila kosa.

Mwaka 1968, kwa kuhimizwa na serikali ya Harold Wilson, BMC ikatiwa pamoja na Leyland, zikaitwa British Leyland, na ndani ya nyumba moja yakajikuta majina ambayo jana yake yalikuwa yakitukanana: Austin, Morris, Rover, Triumph, Jaguar, na mengineyo. Lord Stokes, aliyekabidhiwa nyumba hiyo, alikuwa muuzaji hodari wa mabasi na malori. Rover na Triumph zikaendelea kutengeneza magari ya kumgombania mnunuzi mmoja. Morris Marina ilitoka mwaka 1971 ikiwa mpya kwa bodi na kikongwe kwa mifupa. Na Austin Allegro ikafuata mwaka 1973 na usukani ambao haukuwa duara wala mraba, ubunifu ambao hakuna dereva aliyeuomba. Mwaka 1975 mfuko ukakauka, serikali ikalazimika kuichukua kampuni. Mwaka 1972 Uingereza ilikuwa imeunda magari ya abiria milioni 1.92, kilele ambacho haijakifikia tena. Miaka kumi baadaye yalikuwa chini ya laki 9.

Ama migomo, ilikuwapo, tena mingi, na mwenye kuikana hasemi kweli. Lakini tuitazame asili yake. Katika viwanda vya Coventry na Birmingham wafanyakazi walilipwa kwa kipande, na kila gari jipya lilipokuja bei ya kila kipande ilibidi ijadiliwe upya, mtambo kwa mtambo, kundi kwa kundi; na maadam magari yalikuwa yakigombewa sokoni, msimamizi aliona heri kukubali kuliko kusimamisha kazi, na mfanyakazi akajifunza kwamba kusimama kuna faida kuliko kusema. Mwaka 1956, Banner Lane ilipotiwa mitambo mipya kwa ajili ya trekta lililofuata lile la kijivu, maelfu waliambiwa hawahitajiwi, wakagoma. Walikuwa wameuliza swali ambalo wakubwa wao hawakuwa wamejiuliza, yaani mtu hufanywa nini mashine inapochukua nafasi yake. Sir Michael Edwardes, aliyepewa British Leyland mwaka 1977, alimfukuza Derek Robinson, kiongozi wa wafanyakazi wa kiwanda cha Longbridge, mwaka 1979, na magazeti yakashangilia kana kwamba jini limetolewa. Jini halikutoka. Kisha mwaka 1986 Nissan ikafungua kiwanda chake Sunderland, katika nchi ya wajenzi wa meli na wachimba makaa wasiokuwa na kazi, Waingereza watupu, wakiwa na chama chao cha wafanyakazi. Na kiwanda hicho kikawa miongoni mwa vilivyosifiwa katika Ulaya nzima kwa ubora wa kazi. Anayewalaumu mafundi peke yao sharti anieleze Sunderland.

Nimeliacha kwa makusudi gari ambalo msomaji wa hapa alikuwa akilingojea. Land Rover ilizaliwa kwa dharura: Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jipu kuukuu la Kimarekani katika shamba lake la Anglesey, akaona anaweza kuunda bora kuliko hilo, na kwa kuwa chuma cha bati kilikuwa kwa mgawo, bodi ikafanywa ya alumini, jambo lililoiokoa na kutu ya pwani yetu. Ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, ikadhaniwa itakuwa kazi ya miaka michache, na mwaka 1976 ikatoka ya milioni moja. Bwana Shauri aliijia kodi ndani yake, nesi akaijia chanjo, na baadaye mjumbe wa chama akaijia kura, hata watu wa vijijini wakaita "landrova" kila gari la serikali lililopanda mlima. Katika miaka ya 1970 wanunuzi walikuwa wengi kuliko gari, na kampuni yoyote yenye insafu kwa chombo chake ingaliongeza kiwanda. British Leyland haikufanya hivyo. Faida ya Land Rover ilikamuliwa ili kulisha magari ya abiria yaliyokuwa yakila hasara, na ng'ombe wa maziwa akanyimwa majani kwa sababu ndama wa wengine wanalia.

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa karakana ya idara moja, na tulikuwa na gari la Kiingereza, aina yake nisiitaje, lililovunjika shafti ya ekseli ya nyuma. Tulingoja spea miezi minane. Wakala alikuwa mtu wa taadhima, kila nilipokwenda alinikaribisha chai, akafungua daftari kubwa, akanionesha oda yetu ilipoandikwa kwa hati nzuri, akasema, "Meli bado, bwana." Mwezi wa tisa idara ikanunua gari la Kijapani. Muuzaji wake hakuwa na chai. Alikuwa na kabati lenye droo, na kila droo ina namba, na ndani ya kila droo mna kitu. Sikumbuki kama nilisikia uchungu. Nakumbuka nilivuta droo tatu au nne kwa hamu tu ya kuona kama zote zimejaa.

Australia walikuwa wametangulia kuyaona hayo: katika mradi mkubwa wa mabwawa wa Snowy Mountains, ambako Land Rover ilitamba katika miaka ya 1950, mkandarasi Thiess aliingiza Land Cruiser za Toyota, na uvumi wa uimara wake ukasambaa. Huku kwetu Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha mitatu mfululizo kuanzia 1966, ikawa teksi ya safari ndefu. Datsun ikashinda mwaka 1970. Na marehemu Joginder Singh, aliyekwisha kushinda na Volvo mwaka 1965, akashinda na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 kampuni ya Leyland ilifungua karakana kubwa ya kuunganishia magari Thika, na Land Rover zikawa zinakusanywa humo kutoka katika makasha. Hatua njema, iliyochukuliwa wakati mnunuzi amekwisha kugeuza shingo.

Yaliyofuata nitayapita upesi, maana ni habari za madalali. Kilichobaki cha Leyland kiliuzwa mwaka 1988 kwa kampuni ya ndege, kisha 1994 kwa BMW; mwaka 2000 BMW ikabakiza Mini, ikaiuzia Ford ile Land Rover, na kiwanda cha Longbridge pamoja na kazi ya kuunda magari ya Rover ikawapa wafanyabiashara wanne kwa bei ya pauni 10, kiasi cha mlo wa mchana; na mwezi wa Aprili 2005 nyumba hiyo ikaanguka, watu takriban 6,000 wakaenda zao. Jaguar na Land Rover zilinunuliwa mwaka 2008 na Tata wa Bara Hindi, aliyekuwa na subira kuliko wenyeji. Mwaka 2022 Uingereza iliunda magari ya abiria 775,014, idadi ndogo kuliko ya mwaka wowote uliotangulia tangu 1956.

Matrekta yalikufa kimya kimya zaidi. David Brown wa Meltham, kiwanda kilichounda trekta la kwanza la kuuzwa la Ferguson mwaka 1936, kilifungwa mwaka 1988. Bathgate, huko Scotland, palipotoka Nuffield na Leyland za buluu, pakafungwa mwaka 1986. Doncaster mwaka 2007. Basildon, kilichojengwa na Ford mwaka 1964, kimeiona karne hii kikiunda matrekta ya New Holland, lakini wenyewe wakuu wa kampuni hiyo ni familia ya Kiitaliano. Na Banner Lane, iliyoangukia mikononi mwa kampuni ya Kimarekani ya AGCO mwaka 1994, ilitangaziwa kufungwa mwaka 2002, kazi yake ikagawiwa Beauvais ya Ufaransa na Brazili, na mnara wake wa ofisi ukabomolewa mwaka 2012. Kosa la Banner Lane lilikuwa dogo kuliko la Longbridge, kwani chombo chake kilikuwa kizuri mpaka siku ya mwisho; lakini hukumu yake ilitolewa na watu walio mbali, wanaotazama safu za tarakimu. Leseni zilikuwa zimekwisha kutolewa zamani, kwa TAFE ya Chennai na Millat ya Lahore, na huko wanunuzi walikuwa wakulima wa ekari chache wenye kuja kiwandani wenyewe kulalamika.

Alasiri ile chini ya mwembe fundi alimaliza kufunga. Springi mpya ya mkono wa juu ilikaa mahali pake pasipo kupigwa nyundo, nikaona ameridhika. Dereva alilipeleka trekta kwenye kipande cha shamba kilichopo nyuma ya gereji, ambako mizizi ya mwembe imetambaa chini ya udongo, akashusha plau; fundi akatembea kando yake, ameinama, jicho katika mkono wa juu. Trekta lilikwenda hatua kumi hivi, likanguruma ghafla lilipokutana na mzizi, na papo hapo plau likainuka kidogo, kiasi ambacho asiyejua asingekiona, likapita juu ya mzizi, likazama tena. "Limesikia," akasema fundi. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akaliokota lile kasha la Lahore, akalichana ubavu mmoja, akamwandikia dereva hesabu ya fedha zake juu yake kwa kalamu ya risasi.